Gitaa Linalotoa Amri

Mhariri wa jarida hili aliniambia niandike makala ya sayansi au ya utamaduni, nichague moja. Nimeshindwa kuchagua, kwa hivyo nimewaletea jambo ambalo ni vyote viwili: namna gitaa la benga linavyoweza kuunganishwa na kompyuta hadi mpigaji mmoja akapiga besi, ngoma na hata orutu bila kuliweka gitaa lake chini. Mlezi wa chama chetu angependa niseme tarakilishi. Nitasema kompyuta, maana ndivyo mafundi wa Kondele wanavyosema, naye najua atanisamehe.

Jambo lenyewe si mchezo. Mjomba wangu hupiga gitaa la solo. Bendi yao ilikuwa na watu sita. Siku hizi wenye kumbi na wenye harusi wanapenda kumwita mtu mmoja mwenye kinanda, kwa sababu ndani ya kinanda kimoja mna ngoma, besi na tarumbeta, na tena mtu mmoja hula sahani moja. Mjomba hajui kinanda. Vidole vyake vimezoea nyuzi kwa zaidi ya miaka ishirini, na kumwambia leo aanze kubonyeza vibao ni kumrudisha chekechea. Siku moja aliniuliza, "Mpwa wangu, wewe unayesoma Fizikia, mbona ni kinanda tu kinachojua kuzungumza na kompyuta?" Swali hilo lilinisumbua muhula mzima.

Tuanze na hiyo MIDI, ambayo watu huitamka midi. Ni herufi za kwanza za maneno manne ya Kiingereza yenye maana ya njia ya kidijitali ya kuunganisha ala za muziki. Wengi hudhani ni aina ya sauti. La hasha! Ndani ya MIDI hamna sauti hata chembe. Hebu panda matatu kutoka mjini kwenda Kondele. Makanga akigonga bodi mara moja dereva anasimama; akigonga mara mbili gari linaondoka. Kule kugonga hakusukumi gari. Ni ujumbe tu, na injini ndiyo inayofanya kazi. Tena mgongo uleule ukigongwa kwenye basi kubwa, basi ndilo litakaloondoka. MIDI ni kule kugonga. Chombo kinachogonga ndicho kinachoitwa kidhibiti, na "gari" linaweza kuwa piano, besi, filimbi au ngoma iliyo ndani ya kompyuta.

Ujumbe wenyewe ni mfupi mno. Unasema ni nota gani, kwa namba kuanzia 0 hadi 127; umepigwa kwa nguvu kiasi gani, pia hadi 127; na unapita katika chaneli ipi kati ya 16. Basi. Ukiachilia nota, unatumwa ujumbe mwingine wa kuizima. Mpango huu ulionyeshwa watu kwa mara ya kwanza Januari 1983 huko Marekani, kinanda cha kampuni ya Sequential Circuits kilipounganishwa na cha kampuni ya Roland ya Japani, vikaelewana. Waliousukuma sana ni Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, ambao mwaka 2013 walituzwa Grammy ya ufundi. Wote wawili wamekwisha kufariki. Toleo jipya, MIDI 2.0, lilitangazwa mwaka 2020, lakini vifaa vingi vya mkono wa pili vinavyotufikia huku bado vinaongea lugha ya 1983, na vinaongea vizuri tu.

Sasa turudi kwa swali la mjomba. Kinanda ni rahisi kwa sababu kila kibao chake ni swichi. Ukibonyeza kibao cha nota ya 60, waya wake unajua kwamba ni 60 hata kabla spika haijalia. Uzi wa gitaa hauna swichi. Uzi mmoja hutoa nota ishirini na zaidi, kulingana na mahali ulipobana kidole, na mashine haioni kidole. Inalazimika kusikiliza, ihesabu mitetemo, ndipo iseme, "Aa, hii ni 64." Na kusikiliza kunataka muda.

Wenzangu wa Kidato cha Tatu, toeni kalamu. Uzi mnene wa gitaa, ule wa sita, ukiwa wazi hutetemeka mara 82.4 kwa sekunde. Gawanya 1 kwa 82.4 upate muda wa mtetemo mmoja: karibu milisekunde 12. Mashine ikihitaji mitetemo miwili kabla ya kuwa na hakika, tayari umechelewa milisekunde 24. Uzi mwembamba, wa kwanza, hutetemeka mara 329.6, mtetemo mmoja ni milisekunde 3, miwili ni 6. Kwa hivyo katika gitaa lilelile, nyuzi nene huchelewa na nyembamba huwahi.

Mtu atasema milisekunde 24 ni nini bwana, hata kope haijafumba. Lakini sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Katika milisekunde 24 inakwenda mita 8. Maana yake ni kama kupiga gitaa huku spika yako imewekwa mita nane kutoka ulipo. Na huo si mwisho, kwani kompyuta nayo huongeza kuchelewa kwake. Inapokea sauti kwa mafungu. Fungu la sampuli 1024, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, ni milisekunde 23 nyingine, yaani spika imesogezwa mita nane tena. Ukipunguza fungu hadi 128, ni milisekunde 3 tu, ingawa kompyuta dhaifu huanza kukwaruza. Ukisikia mtu analaumu gitaa lake kwamba linachelewa, mwambie kwanza aangalie kipimo hicho.

Mafundi wa dunia wamepigana na tatizo hili kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni kutousikiliza uzi kabisa. Katika miaka ya 1980 Waingereza walitengeneza chombo kinachoitwa SynthAxe, ambacho nyuzi za mkono wa kushoto ni mbali na za mkono wa kulia ni mbali, na vile vyuma vya shingoni, freti, ni swichi. Allan Holdsworth alikipiga kwelikweli, ila kilikuwa ghali na leo ni kitu cha makumbusho. Njia ya pili ni kuweka pikapu maalumu. Simaanishi pikapu ya kubeba omena kutoka Dunga! Namaanisha ile sumaku inayokaa chini ya nyuzi. Ya kawaida husikiliza nyuzi zote sita kwa pamoja, kama mwalimu anayesikiliza darasa zima likipiga kelele. Hii maalumu ina masikio sita, sikio moja kwa kila uzi. Roland walianza na magitaa ya namna hiyo mwaka 1977, kabla ya MIDI kuwapo, na mwaka 1984 wakaiunganisha na MIDI. Kwa miaka mingi waya wake ulikuwa wa pini 13. Kampuni ya Fishman nayo ina TriplePlay, ambayo haina waya kati ya gitaa na kompyuta. Njia ya tatu ni programu tupu, kama ile ya Jam Origin, inayosikiliza gitaa la kawaida kupitia waya wa kawaida na kubahatisha nota. Hiyo ya tatu ndiyo ya mtu asiye na pesa, ilimradi kompyuta yake iwe na nguvu.

Mjomba alipata ile ya pili, iliyotumika, kutoka kwa mwanamuziki wa kanisa aliyerudi nyumbani kutoka ng'ambo. Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa kutwa na hurudi nyumbani kila jioni, kazi ya kuifunga ilikuwa yangu. Pikapu hii hukaa karibu kabisa na daraja la gitaa, chini ya nyuzi, na nafasi kati yake na uzi ni kama milimita moja tu. Nyuzi lazima ziwe za chuma. Za nailoni haziioni sumaku. Kisha kuna skrubu ndogo au kipimo cha programu cha kusawazisha kila uzi, kwa sababu uzi mmoja ukiwa na kelele kuliko wenzake, mashine itaandika nguvu 127 kwa uzi huo na 40 kwa mwingine, na wimbo utasikika kama mtu anayetembea na kiatu kimoja.

Jambo linalosahaulika zaidi ni chaneli. Kila uzi upewe chaneli yake, 1 hadi 6. Sababu ni hii: mpigaji akiuvuta uzi kwa kidole ili sauti ipande, mashine hutuma ujumbe wa kupindisha nota, na ujumbe huo hupindisha nota zote zilizo katika chaneli ile. Nyuzi zote zikiwa chaneli moja, ukivuta mmoja zote zinapinda, na wimbo unalia kama ng'ombe. Makanga sita, kila mmoja na gari lake. Pia kipimo cha kupindisha kiwe kilekile kwenye kisanduku na kwenye programu. Upande mmoja ukisema freti 2 na mwingine 12, hamtaelewana.

Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba benga na mashine hii ni majirani wa ajabu, wanaosalimiana na kugombana siku hiyohiyo. Benga ilikua katika miaka ya 1960 huku kwetu ziwani, na wapigaji wake walichukua mwendo wa nyatiti, ile ala yetu ya nyuzi nane, wakauhamishia kwenye gitaa. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa upande wa Shirati, Tanzania, mwaka 1940 na kufariki katika ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka 2006, na bendi yake ya Shirati Jazz; George Ramogi; Ochieng Nelly na Collela Mazee wa Victoria: katika nyimbo zao gitaa la solo hupanda juu ya shingo, kwenye nyuzi nyembamba, likijibizana na gitaa la pili. Uzi wa kwanza ukibanwa kwenye freti ya 12 hutetemeka mara 659 kwa sekunde. Mitetemo miwili hapo ni milisekunde 3 tu! Kwa hivyo pale anapokaa mpiga solo wa benga ndipo hasa mashine inaposikia upesi.

Ugomvi unakuja kwenye kasi na usafi. Mjomba hupiga kwa gumba na kidole cha shahada, nota fupifupi, nyingine amezinyamazisha nusu kwa kiganja. Sikio la binadamu linajua ile ni kukwaruza kwa makusudi. Mashine haijui, inaandika nota ambazo hakuna aliyezipiga. Sisi nyumbani tunaziita nota za mzimu. Zinapunguzwa kwa kufunga kitambaa chembamba kwenye nyuzi karibu na kichwa cha gitaa ili nyuzi zilizo wazi zisilie zenyewe, kwa kubadilisha nyuzi zilizochakaa, na kwa kuiambia programu itupilie mbali kila nota yenye nguvu chini ya, tuseme, 20. Zinazobaki unazifuta moja moja kwenye skrini, kazi ya subira kama kuchambua mchele.

Baada ya kujaribu kila kitu kwa wiki kadhaa, huu ndio msimamo wangu, na mjomba anakubali: solo ya benga isipigwe kwa MIDI. Irekodiwe kama gitaa. Waya wa kawaida wa gitaa bado upo, na unaweza kurekodi sauti halisi katika mstari mmoja na MIDI katika mstari mwingine kwa wakati mmoja. Sisi tunatumia programu ya Reaper, ambayo hukuruhusu siku 60 za kujaribu kabla ya kulipa. MIDI tunaitumia kwa zile ala ambazo hatuna mtu wa kuzipiga.

Besi, kwa mfano. Besi ya benga haikai kimya. Inatembea na kuzungumza, na anayeijua ni mpigaji mwenyewe. Mtu angefikiri besi ipigwe kwenye nyuzi nene. Kumbe huko ndiko mashine inakochelewa. Ujanja ni kupiga kwenye uzi mwembamba na kuiambia kompyuta iteremshe namba 36, yaani oktavo tatu. Uzi wa kwanza ukiwa wazi ni nota ya 64. Toa 36, unabaki na 28, ambayo ndiyo nota ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne. Kila freti ni namba moja. Mjomba alipobana uzi mwembamba na kusikia besi nzito ikitoka, alicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Ngoma nazo zina vichekesho vyake. Kwa utaratibu uliowekwa mwaka 1991, chaneli ya 10 ni ya ngoma, na kila namba ni ngoma yake: 36 ni ngoma kubwa ya mguu, 38 ni ile ya mlio mkali, 42 ni vile visahani vilivyofungwa. Gitaa likiwa wazi lina 40, 45, 50, 55, 59 na 64. Ukizikwaruza zote sita kwenye chaneli ya 10 utasikia ngoma, toazi na konga zikianguka pamoja kama sufuria za mama zikidondoka kabatini. Inafurahisha watoto. Kwa kazi ya maana unapanga upya, uzi huu uwe ngoma ya mguu, ule uwe visahani, na unapiga polepole. Tahadhari moja tu: programu ina kitufe cha kuvuta nota zote zikae kwenye mistari sawasawa. Kwa benga usikibonyeze. Magitaa yake yanasukumana, moja likitangulia kidogo na jingine likifuata, na kitufe hicho kinayapanga foleni kama gwaride.

Jambo lililonigusa zaidi ni orutu. Hakuna kompyuta tuliyoipata yenye sauti ya orutu ndani yake. Zimejaa fidla za Ulaya. Tukamwendea mzee mmoja wa jirani anayeipiga, tukamwomba atupigie nota moja moja, ndefu, kila moja mara tatu. Programu hupokea sauti ulizorekodi mwenyewe, ukaipa kila moja namba. Baada ya hapo mjomba akivuta uzi wa gitaa, orutu ya mzee inalia, tena inateleza kutoka nota hadi nota kama ilivyo desturi yake, kwa sababu ule ujumbe wa kupindisha una hatua 16,384, nyororo kuliko sikio linavyoweza kuhesabu. Mzee alisikiliza kwa makini. Kisha akamwuliza mjomba kwa Kijaluo, nami natafsiri: "Nikishakufa, huyu kijana ataendelea kunipigisha?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Mashine yenyewe haina habari. Kwake mzee ni faili kumi na mbili. Mjomba aliandika karatasi, mbili zinazofanana, kwamba wimbo wowote wenye sauti zile ukilipwa, mzee au watoto wake wapate fungu sawa na la mpigaji, na sauti zisipewe mtu mwingine bila ruhusa. Wote wakatia sahihi. Nadhani hili lingekuwa somo la kwanza kabla ya somo la waya, ila vitabu vya maelekezo nilivyosoma vyote vinaanza na waya.

Nyatiti hatukuichukua hivyo. Kwanza, nyuzi zake nane hukazwa kufuata koo la mwimbaji, hazifuati namba za piano, ingawa kwa kupindisha ungeweza kuzikaribia. Pili, mpiga nyatiti tayari ni bendi ya mtu mmoja: vidole kwenye nyuzi, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mbao, njuga zikilia mguuni, na mdomo ukiimba. Ayub Ogada, aliyefariki mwaka 2019, alifika mbali na nyatiti halisi, hadi wimbo wake Kothbiro ukatumiwa katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005. Ukitaka nyatiti, mwite mpiga nyatiti.

Kwa anayetaka kujaribu nyumbani: chaji kompyuta ijae kabla ya kuanza, maana stima ikipotea katikati ya wimbo utapoteza na wimbo, tumia spika za masikioni, ili maikrofoni isinase mlio wa besi, na hifadhi kazi kila baada ya dakika kumi. Kisanduku kikikosa kuonekana kwenye kompyuta, badilisha waya wa USB kwanza kabla ya kumlipa fundi.

Wimbo wetu sasa una solo halisi, gitaa la pili halisi, besi ya MIDI na orutu ya mzee. Ngoma nilizozipiga kwa gitaa zipo pia, lakini mjomba alipozisikiliza mara ya nne alitikisa kichwa. Mwenye ukumbi mmoja amesikia kipande cha wimbo na kuuliza bei, na bei aliyotajiwa inamtosha mtu wa pili. Mpiga ngoma wao wa zamani, ambaye sasa anaendesha bodaboda, ameambiwa aje Jumamosi baada ya saa nane na fimbo zake.